JUA HALINA MWENYEWE, BALI PAA LINA MWENYEWE



Katika miaka hii michache maneno "nishati safi" yametamkwa nchini mwetu mara nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa hadi tarehe 31 Januari 2024 kuacha kupikia kuni na mkaa. Mwezi Mei mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati iliyo safi. Na siku chache baadaye akawa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano uliofanyika Paris juu ya jambo hilo kwa Afrika nzima. Januari 2025 viongozi wa nchi za Afrika walikutana hapa hapa Dar es Salaam, wakaahidi kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo mwaka 2030.

Haya ni mambo mema, wala hatuna sababu ya kuyabeza. Lakini sisi tunaohudumu katikati ya jiji, kati ya Kariakoo, Gerezani, Ilala na Jangwani, tuna swali ambalo hatuna budi kuliuliza kwa sauti: katika safari hii ya kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye umeme na jua, mpangaji wa chumba kimoja na mama lishe wa kandokando ya Mtaa wa Msimbazi wamewekwa wapi? Maana ahadi hutolewa kwa mamilioni, lakini ugali hupikwa na mtu mmoja, katika chumba ambacho si chake, kwa fedha aliyoipata siku hiyo.

Dar es Salaam ndiyo jiko kuu la mkaa wa nchi hii. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kwamba Tanzania ilitumia tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na kwamba nusu yake iliishia katika jiji letu. Utafiti huo ulionyesha jambo lingine la kutafakarisha zaidi: kaya za jijini zilizotegemea mkaa zilikuwa 47 katika kila 100 mwaka 2001, nazo zikafika 71 mwaka 2007. Katika miaka hiyo nguzo za umeme zilikuwapo mitaani, na tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilikuwa ikizalisha umeme Ubungo. Hata hivyo watu walizidi kukimbilia mkaa. Hawakufanya hivyo kwa ujinga. Mkaa hununuliwa kwa kopo, leo kopo moja na kesho jingine. Mtungi wa gesi hununuliwa mzima. Anayepata riziki yake kwa siku hununua kinachouzwa kwa siku.

Mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku mkaa. Marufuku ile ilidumu kama wiki mbili tu, kisha ikaondolewa, na waliobeba gharama yake katika siku hizo ni wale wasiokuwa na pa kukimbilia. Twasema hivi si kwa kutetea mkaa. Takwimu za Serikali yenyewe zinakadiria kwamba moshi wa kuni na mkaa majumbani unachangia vifo vya watu wapatao 33,000 nchini kila mwaka, na walio wengi ni akina mama na watoto wanaokaa karibu na jiko. Misitu ya Kisarawe, Rufiji, Kilwa na Handeni imelipa gharama ya vyungu vyetu. Twasema tu kwamba amri isiyomwachia maskini njia nyingine haiondoi mkaa, humwongezea bei.

Tena kuna watu husema: sisi Watanzania tumechafua nini? Swali hili ni la haki. Ukiacha ile itokanayo na misitu na mashamba, hewa ya ukaa inayotokana na matumizi ya mafuta, gesi na makaa ya mawe haifiki nusu tani kwa mwaka kwa kila Mtanzania, hali kwa kila Mmarekani hupita tani 13. Walioijaza anga ni wengine. Lakini mafuriko hayasomi vitabu vya hesabu. Desemba 2011 mvua kubwa kuliko zote zilizopimwa hapa tangu mwaka 1954 ziliua watu wasiopungua 40 jijini, na waliookoka katika bonde la Msimbazi wengine walihamishiwa Mabwepande. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule zimekwisha kuua watu 155 nchini, na mapema Mei kimbunga Hidaya kikaifikia pwani yetu. Wataalamu wanatufundisha kwamba kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Na mvuke huo ukishuka wote kwa siku moja, Jangwani hujua. Kinyume chake pia tumekiona: mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilichelewa, mto Ruvu ukapungua, maji yakagawiwa kwa zamu jijini, na mabwawa yakashuka hata umeme nao ukagawiwa kwa zamu.

Hivyo basi tunadai haki kutoka kwa mataifa yaliyochafua, na tunadai kwa sauti. Katika mkutano wa Baku wa Novemba 2024 nchi tajiri ziliahidi kuongoza katika kupatikana kwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo mwaka 2035, kiasi ambacho nchi maskini zilikiona kuwa kidogo mno. Lakini tuseme fedha hizo zimekuja. Je, zitapita mlango gani hata zifike chumbani kwa mpangaji wa Mtaa wa Mchikichi?

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana jambo hili halizungumzwi sana katika mikutano mikubwa, ila katika nyumba zetu husababisha ugomvi kila wiki.

Chukueni nyumba moja ya kupanga. Ina vyumba sita, familia sita, na mita moja ya LUKU. Kila mtu anaijua hali hii. Kuna mchango wa umeme, kuna daftari, kuna anayedaiwa, kuna anayesafiri siku ya kuchanga. Na kuna sheria isiyoandikwa popote ambayo kila mpangaji huambiwa siku ya kwanza: hapa hakuna kupikia umeme. Friji hulipiwa zaidi, pasi hutazamwa kwa jicho baya, na akikutwa mtu na jiko la umeme kikao huitwa usiku huo huo. Wapangaji hawa si wakorofi. Mita moja haiwezi kuonyesha nani ametumia nini. Kwa hiyo usalama wa wote ni kwamba pasiwe na atumiaye zaidi. Matokeo yake umeme upo ukutani na mkaa upo mlangoni.

Sasa tutazame bei. Kwa agizo la EWURA la mwaka 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mteja wa daraja la kawaida akawekewa shilingi 292. Nia ya mpango huu ni njema, kwamba mnyonge apate mwanga kwa bei anayoiweza. Lakini mita haihesabu watu, huhesabu uniti. Tuseme kila familia katika nyumba yetu hutumia uniti 40 kwa mwezi, ambazo ni chache. Familia hiyo ingekuwa na mita yake katika daraja la chini, ingelipa shilingi 4,000. Kwa kuwa ziko sita katika mita moja, nyumba hutumia uniti 240, hutupwa nje ya daraja la wanyonge, na kila familia hulipa shilingi 11,680 kwa umeme ule ule. Maskini sita wakikaa pamoja, mita huwaona kama tajiri mmoja. Wakati huo huo mtu mwenye nyumba yake pembezoni mwa jiji, anayekaa peke yake, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye mnyonge.

Mtu atasema, basi kila familia iombe mita yake. Gharama ya kuunganishiwa umeme mjini kwa aliye ndani ya meta 30 kutoka kwenye nguzo ilirejeshwa Januari 2022 kuwa shilingi 320,960. Kwa familia sita ni shilingi 1,925,760, zinazotumika katika nyumba ya mtu mwingine, ambaye anaweza kuwaambia wahame kodi ya miezi sita ikiisha. Nani mwenye akili timamu atawekeza hivyo? Na tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwa njia ya LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Kodi hii ni ya mwenye jengo, lakini anayebonyeza tarakimu za LUKU ni mpangaji. Katika nyumba ngapi za Kariakoo fedha hiyo hurudishwa kwa kupunguzwa kwenye pango? Tunawaachia wasomaji wajijibu.

Haya si mambo madogo. Jiko la presha la umeme, ambalo siku hizi linauzwa madukani mwetu, huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kwa bei yoyote kati ya hizo mbili ni nafuu kuliko mkaa wa kuchemshia maharage hayo hayo kwa saa tatu. Mama lishe anaweza kuipiga hesabu hii kichwani haraka kuliko sisi tulivyoiandika hapa. Hesabu inamwambia apikie umeme. Nyumba inamwambia apikie mkaa. Na nyumba humshinda, kwa sababu yuko peke yake.

Tutoke sasa ndani ya nyumba tutazame juu. Kariakoo ni soko kubwa la jua. Katika maduka yake huuzwa paneli, betri na taa za sola zinazopakiwa kwenye mabasi na malori kwenda Tabora, Kigoma na Songea, na ng'ambo ya mipaka mpaka Kongo na Zambia. Lakini inua macho katika mitaa hiyo hiyo inayouza jua: utaona matangi ya maji, madishi na mashine za viyoyozi, na paneli chache sana. Umeme ulipogawiwa kwa zamu mwaka 2022 na tena mwaka 2023, suluhisho lililosikika Kariakoo lilikuwa ni jenereta zilizonguruma kando ya njia, zikila mafuta yaliyonunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na kumtemea moshi mpita njia. Duka linalouza paneli liliwashwa kwa jenereta. Hapana budi pana sababu.

Sababu ni kwamba jua halina mwenyewe, bali paa lina mwenyewe. Muuza duka hupanga fremu, haumiliki paa. Gorofa lina wapangaji hamsini na mwenye jengo ambaye wengine hawajapata kumwona. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zinamruhusu mteja mwenye mtambo wake mdogo wa nishati jadidifu, yaani ile isiyokwisha kama jua na upepo, kuunganisha mtambo huo na gridi ya TANESCO, na uniti anazopeleka zikahesabiwa dhidi ya zile anazochukua. Ni kanuni nzuri. Ila mteja anayefikiriwa ni mtu mwenye paa lake na mita yake. Mpangaji hana hili wala lile.

Na si kweli kwamba jiji hili halijapata kufikiri kwa pamoja juu ya paa. Soko kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Yeye aliliwekea paa la zege lenye umbo kama miavuli iliyopinduliwa, ili likinge maji ya mvua na kuyashusha katika matangi. Na akaliacha soko wazi, hewa na mwanga vipite bila mashine. Paa lile halikuwa kifuniko tu. Lilikuwa chombo cha kazi, mali ya wote waliouza na kununua chini yake. Moto wa usiku wa tarehe 10 Julai 2021 uliteketeza mali za wafanyabiashara wengi mle ndani, na fedha za umma zikatengwa kulijenga upya. Sisi tungependa Shirika la Masoko liulizwe waziwazi na wenye vizimba: paa la Amuli lilikinga mvua; paa za leo zinakinga nini?

Tunafika kwenye jambo la umoja. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa siku kadhaa kupinga namna kodi ilivyokuwa ikikusanywa. Hakuna aliyefungua peke yake. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja, akawasikiliza katika viwanja vya Mnazi Mmoja, na kikosi kazi kilicholalamikiwa kikasimamishwa. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Hatuandiki haya kwa kusifu migomo. Waliopata hasara kubwa katika siku zile ni wachukuzi na mama lishe, ambao hawakuulizwa na mtu. Tunaandika kwa kuwa yanathibitisha kwamba Kariakoo ikitaka kuwa kitu kimoja huweza, tena kwa usiku mmoja. Tofauti ni kwamba kufunga mlango pamoja ni rahisi kuliko kununua paneli pamoja. Katika kufunga, kila mmoja hubaki na ufunguo wake. Katika kununua pamoja, mtu mmoja hushika fedha.

Na hapo ndipo watu wetu husita, wala hatuwalaumu. Historia imewafundisha. Vyama vya ushirika vilivyojengwa na wakulima vilivunjwa kwa amri ya Serikali mwaka 1976, vikarudishwa kisheria mwaka 1982 vikiwa vimekwisha kupoteza mali na imani ya watu. Ni nani asiyemjua mweka hazina aliyehama mtaa pamoja na sanduku? Lakini mama zetu hawakuacha kucheza upatu kwa sababu hiyo. Wao wamejifunza kuweka fedha mahali ambapo macho mengi yanaiona, kwa kiasi kidogo, kwa muda mfupi, na kila mmoja akijua zamu yake. Vikoba vya mitaa hii huzungusha fedha nyingi bila ofisi wala kiyoyozi. Utaratibu huo ungeweza kununua majiko sita ya presha kwa miezi sita, jiko moja kwa kila zamu. Na ungeweza kununua mita ndogo za kugawia, zinazofungwa ndani ya nyumba nyuma ya mita ya LUKU, ili kila chumba kionekane kimetumia nini na kikao cha usiku kisiwe na la kufanya.

Nje ya jiji ipo mifano mikubwa zaidi. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, karibu na Songea, walijenga mtambo wa maji wa Tulila wa megawati 5 katika mto Ruvuma, nao tangu mwaka 2015 unaiuzia umeme TANESCO. Masista! Mtu asituambie kwamba umeme ni kazi ya makampuni ya kigeni peke yake. Wilayani Ludewa vijiji vya milimani viliunda umoja wa watumiaji uitwao LUMAMA, kwa kuungwa mkono na shirika la ACRA la Italia, na umoja huo ukawa ndio mwenye kumiliki na kuendesha mtambo mdogo wa maji. Huko mlimani maporomoko ni ya kijiji, hivyo kijiji huweza kuamua. Kariakoo maporomoko yetu ni jua la saa sita, nalo huangukia mali ya mtu.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliwataja wale walioanzisha ushirika wa kuzalisha nishati jadidifu kwa ajili ya mahali pao, hata wakauza ziada. Juni 2024 aliagiza kujengwa mtambo wa jua katika eneo la Santa Maria di Galeria nje ya Roma, utakaotosheleza mahitaji ya umeme ya mji wa Vatikano. Mafundisho ya jamii ya Kanisa yana kanuni iitwayo auni: jambo linaloweza kufanywa vema na kundi dogo lililo karibu lisinyang'anywe na lililo kubwa na mbali, lakini lililo kubwa lisilitelekeze lile dogo. Sehemu zote mbili za kanuni hiyo zinatuhusu hapa. Wapangaji wasingoje waziri aje kuwagawia uniti. Na waziri asiwaambie wapangaji wajitegemee huku bei ikiwaadhibu kwa kuishi pamoja.

Kuna wanaotujibu kwamba bwawa la Julius Nyerere limekwisha maliza tatizo. Mitambo yake tisa, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikamilika mwaka 2025, nasi tunaona fahari kama wananchi wengine. Lakini umeme wa Rufiji ukifika Mtaa wa Sikukuu bado hupita katika mita ile ile moja. Tena nchi inayoweka karibu tumaini lake lote katika maji imekwisha kuonywa na ukame zaidi ya mara moja. Wengine wanatuonyesha mitungi ya gesi ya kilo 6 inayogawiwa kwenye mikutano. Gesi hupunguza moshi, hilo ni kweli, na mama anayeipata ashukuru. Ila haitoki kwenye jua wala haizaliwi upya. Huletwa kwa meli, na ikipanda huko nje hupanda hapa. Mtungi uliotolewa bure ukiisha hugeuka kigoda. Tumeviona vigoda hivyo.

Yapo pia mambo ya kuogopa, na yasifichwe. Paneli na betri bandia zinauzwa Kariakoo waziwazi, na aliyeumwa mara moja haumwi mara ya pili kwa hiari. Betri chakavu ni sumu, na sijui za watu husema zitupwe wapi. Msimbazi si jibu. Tarehe 16 Novemba 2024 gorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Baada ya msiba ule hakuna mtu mwenye dhamiri atakayepandisha mzigo juu ya jengo kuukuu bila mhandisi kulikagua. Na wachoma mkaa? Nao ni ndugu zetu. Kilosa vijiji vilipanga matumizi ya ardhi, vikatenga sehemu ya msitu wa kuvunwa kwa zamu na kuachwa uchipue, na ushuru wa mkaa ule ukasaidia shule na zahanati. Mabadiliko yanayomwacha mchoma mkaa na muuza mkaa bila kazi yatapata maadui wengi, tena kwa haki.

Nani basi aanze? Sisi tunaona waanze wale wenye paa kubwa ambao hawatahama: makanisa, misikiti na shule za katikati ya jiji. Kariakoo parokia na msikiti huchungulia paa za mwenziwe. Taasisi hizi zinamilikiwa na watu wanaofahamika, zina mita zao, zina kumbi zinazokaa tupu siku za kazi, na nyingi zimezungukwa na mama lishe. Ukumbi mmoja wenye paneli juu yake na sufuria kumi za umeme ndani yake ungeweza kuwapa akina mama mahali pa kuchemshia maharage na mchele mchana, kwa malipo ya haki yanayosomwa kwenye mita mbele yao. Hilo halihitaji ruhusa ya Paris wala ya Baku. Lahitaji padri, imamu na mwenyekiti wa mtaa wakae meza moja, na akina mama wawepo mezani tangu kikao cha kwanza, si cha mwisho.

Kuhusu bei, EWURA hukusanya maoni ya wananchi hadharani kabla ya kuidhinisha bei mpya, na lipo baraza lake la kuwatetea watumiaji. Mara nyingi waliofika kusema ni wenye viwanda na wanasheria wao. Nyumba zenye mita ya pamoja zipo kwa maelfu katika jiji la watu zaidi ya milioni 5, na ombi lake ni moja: daraja la wanyonge lihesabiwe kwa kaya zilizo nyuma ya mita, si kwa mita peke yake, pale ambapo Serikali ya Mtaa imethibitisha idadi ya kaya. Serikali ya Mtaa inawafahamu wakazi wake. Huwahesabu vizuri sana wakati wa uchaguzi.

Kabla ya hapo kila nyumba iandike barua yake ya kwanza kwa mwenye nyumba, kwa heshima, ikimwomba mambo mawili: idhini ya kufunga mita ndogo za kugawia, na marejesho ya kodi ya jengo iliyokatwa kwenye LUKU. Nakala iende kwa mwenyekiti wa mtaa. Iambatishwe na risiti za umeme za miezi mitatu, na chini yake yaandikwe majina ya familia zote sita.